Wabongo wa Marekani: haki tunazozila leo, nani alizilipia?

#1 Mpare wa Dallas

Wakuu, salaam.

Kuna kauli nimeichoka. Tukikutana Wabongo huku, iwe msibani au kwenye nyama choma, lazima atokee mmoja aseme Weusi wa Marekani ni wavivu, kazi yao kulalamikia ubaguzi, wakati sisi tumekuja na begi moja na leo tuna nyumba. Safari hii kaisema nesi, mtu mwenye akili zake, binti yake yuko chuo kikuu cha jimbo. Nikamuuliza, mwaka 1950 binti yako angekanyaga darasani pale? Akasema nisilete mambo ya kale.

Msimamo wangu ni huu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo iliyokataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa rangi yake. Oktoba 1965 ikafuata sheria ya uhamiaji iliyofuta mgao uliokuwa ukizipendelea nchi za Ulaya. Kabla ya hapo nchi nyingi za kwetu zilitengewa nafasi 100 tu kwa mwaka. Sheria ya nyumba ya 1968 ilisainiwa wiki moja baada ya King kuuawa Memphis. Hakuna hata moja iliyopiganiwa na Mbongo. Tumekuta meza imeandaliwa, tukakaa, tukaanza kuwasema wapishi.

Kwa nini tunafanya hivi? Ni ujinga, ni kujipendekeza kwa wazungu, au kuna kitu wenzangu mnakiona mimi sikioni? Karibuni. Matusi yabaki nje.

#2 mla_ubuyu

Nimeweka kambi. Ngoja waje wabeba boksi wenyewe.

#3 Kamanda Lori

Mleta mada, umetoa hukumu kwanza ndipo ukaita mashahidi.

Mimi niko Ohio tangu enzi za Clinton. Nimebeba boksi, nimefagia maghala usiku, nimeendesha malori ya watu mpaka nikapata ya kwangu. Hakuna mzungu aliyesimama mlangoni akaniambia usipite. Wabaguzi wapo, nimekutana nao, ila hata Bongo wapo wanaokunyima kazi kwa kabila lako. Sheria ni moja kwa wote tangu 1964. Miaka zaidi ya 60! Mpaka lini mtu atasema babu yangu alionewa?

Siwaiti wavivu. Nasema kuna fikra za kushindwa wamerithishwa, na wanasiasa wanafaidika nazo. Povu ruksa.

#4 binti_pwani

Kamanda, nakujibu kwa upole kwa kuwa umri wako naufahamu.

Kazini kwangu, nyumba ya kulea wazee hapa Minnesota, kuna mama Mweusi wa Alabama, sabini na ushee, anapiga shifti mpaka leo. Jioni moja nikamkuta kapiga magoti mbele ya bibi mmoja, kaweka karatasi sakafuni, anauchora unyayo wa yule bibi kwa kalamu. Anataka kumnunulia ndala. Nikacheka, nikamwambia si umuulize namba yake tu? Akasema ni mazoea. Alipokuwa mdogo, Mweusi haruhusiwi kujaribu kiatu dukani, mzungu hawezi kukivaa baada yako. Kwa hiyo mama yake alikuwa anachora unyayo wa kila mtoto kwenye karatasi ya kaki, anaukata kwa mkasi, anakwenda nao dukani. Ukifika nyumbani kiatu kinabana, shauri lako, hakirudishwi. Akanionyesha kidole chake cha mwisho kilivyopinda.

Huyo si babu wa mtu. Ni mfanyakazi mwenzangu, tunagawana zamu. Unaposema miaka 60, yeye alikuwa keshaanza shule.

#5 Kijana wa Tandale

Mimi sijawahi hata kupanda ndege ila niseme. Mambo yote kule yalianza na mama mmoja mshonaji. Katoka kazini kachoka, kwenye basi akaambiwa ampishe mzungu, akagoma. Mtu mmoja tu kachoka, nchi nzima ikabadilika! Sisi kwenye mwendokasi tunabanwa mpaka vifungo vya shati vinakatika na hakuna anayesema kitu.

#6 Mwalimu Mchafukoge

Tandale, hiyo simulizi ya uchovu ifutwe. Huyo mama, Rosa Parks, alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pale Montgomery, Alabama, na kiangazi cha 1955 alikwenda Tennessee kwenye mafunzo ya kupinga utengano. Alikamatwa tarehe 1 Desemba mwaka huo. Miezi tisa kabla yake alikamatwa binti wa miaka 15, Claudette Colvin, kwa kosa lilelile kwenye mji uleule. Viongozi hawakumtanguliza. Walimwona mdogo, mkali, na baadaye akapata ujauzito.

Usiku ule Parks alipokamatwa, mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, alikesha na wenzake wakichapa vipeperushi kwa makumi ya maelfu. Mgomo wa Weusi kutopanda mabasi ukadumu siku 381. Watu walitembea kwa miguu, wakapanga magari ya kubebana, polisi wakawa wanawaandikia faini madereva. Na kesi iliyoua utengano kwenye mabasi haikuwa ya Parks. Ilikuwa ya wanawake wanne, Colvin akiwamo, wakili wao Fred Gray, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mahakama ya Juu ikaamua Novemba 1956.

Kwa hiyo ni mtandao wa watu waliojipanga kwa miaka. Hili linamhusu na Kamanda: "fikra za kushindwa" hazigomei basi mwaka mzima.

#7 Kijana wa Tandale

Umeniharibia hadithi ila shukrani. Kuhusu mwendokasi sirudi nyuma.

#8 mla_ubuyu

Siku 381 bila daladala? Mbongo siku ya pili kashakodi bodaboda kwa siri.

#9 Wakili Kivuli

Mnawapa waandamanaji sifa zote. Tazameni dunia ilivyokuwa. Vita Baridi. Marekani inawaambia Waafrika wapya waliopata uhuru "njooni kwetu, sisi ndio uhuru wenyewe", huku mabalozi wao wanafukuzwa mgahawani. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Malick Sow, akitoka New York kwenda Washington kumkabidhi Kennedy hati zake, alisimama kunywa kahawa njiani Maryland, barabara namba 40. Akakataliwa. Na hakuwa peke yake, barabara ile iliwatesa wanadiplomasia wengi wa Kiafrika kwa sababu ndiyo iliyounganisha Umoja wa Mataifa na Ikulu. Moscow ikapata cha kutangaza. Serikali ya Kennedy ikalazimika kuwabembeleza wenye migahawa, na mwaka 1963 Maryland ikapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye huduma.

Nyerere alipokwenda kuonana na Kennedy Julai 1963, ni mwezi mmoja tu tangu Kennedy ahutubie taifa kuhusu haki za kiraia. Mzungu hakubadilika moyo. Alihesabu hasara.

#10 Njeri wa Boston

Wakili, hiyo ni nusu ya hadithi. Hiyo hotuba ya tarehe 11 Juni haikuletwa na Moscow. Mei ya mwaka huo watoto wa shule wa Birmingham walitoka madarasani kwa mamia wakaandamana, polisi wakawafungulia mbwa na mipira ya maji ya zimamoto, picha zikazunguka dunia nzima. Bila wale watoto Moscow ingetangaza nini? Na usiku uleule wa hotuba, Medgar Evers, kiongozi wa NAACP, akapigwa risasi mbele ya nyumba yake huko Mississippi. Kulikuwa na watu wanalipa kwa maisha yao, bana, si hesabu za mabalozi.

Mleta mada, mimi ni Mkenya na deni letu ni la zamani kuliko 1965. Mwanasiasa wetu Tom Mboya alipotafuta nauli za wanafunzi wa Kenya kwenda kusoma Marekani, waliochangisha ni mastaa Weusi, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza Septemba 1959 ilibeba wanafunzi 81. Baadaye wakaingia na wa Tanganyika na Uganda.

#11 Sukuma Ganda

Na ndege hiyohiyo ndiyo iliyompeleka baba yake Obama. Yaani bila Mboya hakuna Obama, watu hawajui hili.

#12 Njeri wa Boston

@Sukuma Ganda hapana. Obama mzee alikwenda Hawaii mwaka huohuo wa 1959 ila hakuwa kwenye ile ndege, alipata wafadhili wengine. Wangari Maathai ndiye wa mpango wa Mboya, alikwenda 1960, chuo cha masista kule Atchison, Kansas.

#13 Sukuma Ganda

Mwaka uleule, nchi ileile, Mjaluo yuleyule rafiki wa Mboya. Mnabishania siti.

#14 Kamanda Lori

Nimewasoma wote. Historia nzuri. Hoja yangu haijaguswa. Kama mlango ulifunguliwa 1964, kwa nini Mnaijeria aliyekuja juzi anampita mzaliwa? Vibarua wa Kichina walipigwa marufuku kuingia kwa sheria ya 1882, leo wako wapi? Ngozi yangu na ya yule wa Cleveland ni moja, polisi hajui mimi ni Mhaya.

#15 Hesabu za Mtaani

Kamanda, twende kwenye hela, lugha unayoielewa.

Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa 2022: ukiwapanga watu kwa mstari, kaya ya katikati ya wazungu ina mali ya dola 285,000. Ya Weusi, dola 44,900. Hapo ni mali, si mshahara, na mali ya Mmarekani wa kawaida ni nyumba.

Miaka ya 1930 serikali iliunda shirika la kuokoa mikopo ya nyumba, likachora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa mizuri kijani, mibaya nyekundu. Mtaa wenye Weusi ulipakwa nyekundu hata kama wakazi wake ni madaktari. Serikali ikawa inadhamini mikopo kwenye kijani na kukataa kwenye nyekundu. Vita vikaisha, wanajeshi wakaahidiwa mikopo nafuu ya nyumba kwa sheria ya 1944. Mississippi, mwaka 1947, katika mikopo zaidi ya 3,200 iliyodhaminiwa, Weusi walipata 2. Na walipigana vita vilevile.

Mzungu alinunua kwa bei ya kutupwa, nyumba ikapanda, mtoto kasoma kwa dhamana ya nyumba, mjukuu kapewa kianzio cha kununua ya kwake. Sheria ya 1968 ilikataza ubaguzi kuanzia siku ile. Haikurudisha hata senti ya nyuma. Wewe Kamanda ulipoanza na sifuri, uliyemkuta hapo alikuwa chini ya sifuri, na shule ya mtaa wake inaendeshwa kwa kodi za nyumba hizohizo zisizo na thamani.

Na hao Wanaijeria: ubalozi ulishawachuja kabla hawajapanda ndege. Vyeti, akaunti ya benki, mdhamini. Unalinganisha waliochujwa na watu wote.

#16 Kamanda Lori

Mimi sikuchujwa, nilishinda bahati nasibu ya viza, na cheti changu ni cha kidato cha nne. Endelea.

#17 mla_ubuyu

😂😂 Hesabu kapigwa na swali la ziada.

#18 Hesabu za Mtaani

Bahati nasibu yenyewe inataka uwe umemaliza sekondari au una ujuzi. Zama zako wangapi kijijini kwenu walifika kidato cha nne? Huo ndio mchujo.

#19 Afisa Mstaafu

Rekebisho kwa mleta mada. Ya 1965 iliwafaidi zaidi watu wa Asia na Amerika ya Kusini, kwa sababu ilitanguliza wenye ndugu Marekani na wenye ujuzi, na sisi ndugu tulikuwa hatuna. Waafrika wengi wamekuja kwa sheria ya wakimbizi ya 1980 na kwa bahati nasibu iliyoletwa na sheria ya 1990. Kwa hiyo deni lipo, ila si la moja kwa moja kama ulivyoliweka.

#20 Mpare wa Dallas

@Afisa Mstaafu asante kwa mchango. Ila bila kuvunjwa mgao wa rangi na mataifa 1965, hiyo ya 1980 na 1990 ingejengwa juu ya nini?

#21 Furaha wa Uvira

Jambo kwenu wote. Mimi Mkongomani, niko Michigan. Nimesoma Kamanda anasema polisi hajui yeye ni Mhaya. Ni kweli, na hapo ndipo shida ilipo.

Patrick Lyoya alikuwa mtoto wa kwetu, miaka 26. Familia yake ilikimbia vita Kongo ikafika hapa 2014. Tarehe 4 Aprili 2022 polisi wa Grand Rapids alimsimamisha kwa ajili ya namba za gari zisizolingana na gari. Patrick akakimbia, wakakamatana, wakagombania kile kifaa cha shoti ya umeme, mwisho yuko chini kifudifudi, polisi juu yake, akampiga risasi kisogoni. Baba yake alipozungumza na waandishi alisema kwa Kiswahili, mkalimani akatafsiri. Sisi tuliokuwa tunatazama hatukungoja mkalimani.

Yule polisi alishtakiwa. Mei 2025 wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kesi haitarudiwa.

Tulikimbia bunduki Kivu. Sasa niambieni, Patrick alikuwa na "fikra za kushindwa"?

#22 binti_pwani

Pole sana kaka Furaha. Tarehe 4 Aprili, siku ileile aliyouawa King.

Na kabla yake Amadou Diallo wa Guinea, Bronx, Februari 1999. Muuza bidhaa wa barabarani, katoa pochi mfukoni, risasi 41. Polisi wanne wote wakaachiwa mwaka uliofuata.

#23 Kamanda Lori

Pole kaka Furaha. Hilo siwezi kulibishia na sitalibishia. Ila tusichanganye mambo mawili: polisi ni jambo moja, mtu kujiendeleza ni jingine.

#24 Shemeji wa Richmond

Napita tu. Mke wangu mzungu, tumeoana hapahapa Virginia. Kabla ya Mahakama ya Juu kuruhusu ndoa za rangi tofauti, tarehe 12 Juni 1967, tungefungwa. Waliokwenda mahakamani kwa ajili yetu ni fundi ujenzi na mkewe, wala hawakuwa wanaharakati. Nawakumbuka kila nikisaini fomu za kodi.

#25 mla_ubuyu

Shemeji, wengine wanataka kufungwa ili wasisaini hizo fomu.

#26 Meru Mkwezi

Mnaongelea sisi kwenda kwao, na wao kuja kwetu hamsemi. Hapa Imbaseni, jirani na Arusha, yuko Pete O'Neal, aliyekuwa mwenyekiti wa Black Panther, chama cha Weusi wenye msimamo mkali, Kansas City. Alikimbia kesi ya bunduki mwaka 1970, akapitia Algeria, tangu 1972 yuko Tanzania. Yeye na mkewe Charlotte wana kituo, watoto wa kijiji wamesoma kompyuta na Kiingereza pale bure.

Na Same, Upareni kwa mleta mada, alifundisha hesabu Bob Moses. Huyu ndiye aliyeongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura Mississippi, kiangazi cha 1964, baada ya kupigwa na kufungwa. Aliwekwa kwenye orodha ya kwenda vitani Vietnam ilhali umri umepita, akakimbilia Kanada, 1969 akaja kwetu na mkewe mpaka 1976. Aliporudi akaanzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto maskini, kwa hoja kwamba asiyejua hesabu leo hana tofauti na asiyekuwa na kura jana.

Sasa linganisheni. Wao walikuja tukawapa ardhi na kazi ya ualimu. Sisi tumekwenda kwao tunawaita wavivu.

#27 Wakili Kivuli

Meru, usitupake asali. Tulikuwa wakarimu kwa Mweusi wa Marekani, kwa Mhindi aliyezaliwa Kariakoo je?

Thurgood Marshall, wakili Mweusi wa Marekani aliyeshinda kesi ya 1954 ya kupinga utengano shuleni, mwaka 1960 alikuwa London akiwasaidia Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba. Rasimu yake ya haki za msingi iliwalinda na walio wachache, wazungu na Wahindi. Alijua wingi wa kura unaweza kufanya nini kwa mchache. Miaka michache baadaye Wahindi wanabanwa leseni za biashara Kenya, na 1972 Amin kawapa Wahindi wa Uganda siku 90 wafungashe. Nani aliandamana Dar au Nairobi?

#28 Njeri wa Boston

Lakini Mhindi wa Nairobi alikuwa mwenye duka na Mweusi wa Alabama alikuwa mkata pamba. Huwezi ukaviweka mizani moja bila kutaja nani alikuwa amekalia uchumi.

#29 Wakili Kivuli

Na mwenye bucha wa Kigujarati aliyefukuzwa na mkoba mmoja alikalia uchumi gani?

#30 Sukuma Ganda

Mgujarati mwenye bucha? Wakili, Wagujarati wengi hawali hata nyama.

#31 Wakili Kivuli

Waislamu wa Gujarati wanakula, ndugu. Tusitoke kwenye mada.

#32 Mpare wa Dallas

Turudi. Kamanda anasema sheria ni moja kwa wote tangu 1964. Kaunti ya Lowndes, Alabama, mwanzoni mwa 1965 Weusi walikuwa wengi kupita wazungu mara kadhaa na hakuna hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura. Sheria ya Agosti 1965 ikasema majimbo yenye rekodi hiyo yasibadili utaratibu wa uchaguzi bila ruhusa ya Washington. Juni 2013 Mahakama ya Juu ikafuta ile fomula ya kuyatambua majimbo hayo, kwa hoja kama ya Kamanda, kwamba mambo yamebadilika. Siku hiyohiyo Texas yangu ikatangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho iliyokuwa imezuiwa. Sheria ni moja, ila inafunguliwa na kufungwa.

Na Meru Mkwezi nimemsoma. Kumbe Bob Moses alikuwa kwetu!

#33 Kamanda Lori

Kitambulisho cha kupiga kura hata Bongo tunaonyesha. Hapo hujanishawishi.

#34 binti_pwani

Kamanda, niulize la nyumbani. Kijana wako wa mwisho si ameanza kujifunza gari? Umemfundisha nini akisimamishwa?

#35 Kamanda Lori

Awashe taa ya ndani. Vioo vyote chini. Mikono miwili juu ya usukani, vidole vionekane. Leseni na bima viwe vimeshawekwa juu ya dashibodi kabla polisi hajafika. Asipeleke mkono mfukoni wala kwenye droo bila kusema kwanza. Ajibu "ndiyo afande" hata kama kaonewa, mengine tutamalizia mahakamani. Nimemfanyisha mazoezi kwenye maegesho ya kanisa. Hiyo ni tahadhari, si siasa.

#36 binti_pwani

Na jirani yako mzungu, wa kwake kamfanyisha?

#37 Kamanda Lori

Kamuulize yeye. Nina mzigo wa kupeleka Indiana alfajiri, nalala.

#38 Furaha wa Uvira

Kamanda, ongeza hili: asikimbie. Hata akiogopa namna gani.

#39 Kijana wa Tandale

Meru Mkwezi, huyo Bob Moses alikuwa shule gani hapo Same? Shangazi yangu kasoma sekondari kule miaka ya 70, kila siku anamsifu mwalimu wa hesabu Mmarekani Mweusi mpole ajabu, sisi tulidhani anatupiga kamba.

#40 Meru Mkwezi

Muulize shangazi kama huyo mwalimu alikuwa na mke anaitwa Janet. Akikubali, leta hapa tumhoji.